Viatu gani vya kiume vinafaa kiangazi cha Tabora kwa mtu anayevaa kiofisi?

Mwalimu wa Ipuli

Ndugu zangu wa Tabora na Kigoma, naomba msaada wa mawazo. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Nilihamia hapa Tabora mwezi wa Mei nikitokea Njombe, na nilikuja na jozi mbili tu za viatu ambazo kule zilinitosha mwaka mzima: viatu vyeusi vya kufunga kwa kamba, vizito, vyenye soli nene ya mpira, pamoja na buti fupi lenye sufi ndani ambalo nililivaa baridi ya Juni na Julai ilipokaza. Miezi hiyo ilipofika nikiwa hapa sikusumbuka, kwa sababu asubuhi kulikuwa na ubaridi wa kutosha, lakini tangu Septemba iingie hali imebadilika kabisa. Natoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mahali pengine napanda baiskeli na mahali pengine naisukuma kwa sababu mchanga ni mwingi, nasimama darasani hadi saa nane mchana, na ninaporudi jua likiwa kali nahisi kama miguu imo ndani ya sufuria ya uji.

Jana jioni nilipovua viatu nilivitazama kwa makini. Soksi zilikuwa zimelowa kuanzia vidoleni hadi katikati ya unyayo, zimepata weusi uliochuja kutoka ndani ya kiatu, na bitana ya upande wa kisigino ilikuwa imebanduka na kujikunja kama ganda la muhogo. Nilipokung'uta kiatu cha kulia, mchanga uliotoka ungejaza kijiko cha chai. Kati ya kidole cha nne na kidole cha mwisho ngozi imekuwa nyeupe, inawasha na imeanza kuchanika.

Nimekwisha kujaribu kutatua jambo hili mara moja, nikapata hasara. Mwezi wa Agosti nilinunua katika duka moja hapa mjini viatu vyepesi vya kutumbukiza, vya rangi ya hudhurungi, kwa shilingi 55,000, na muuzaji akaniapia kuwa ni ngozi halisi. Siku ya kumi na moja, nikiwa ubaoni, soli ya kiatu cha kushoto ilianza kumeguka vipande vipande kama andazi lililolala, na wanafunzi wakawa wananiokotea makombo sakafuni. Dukani walikataa kuvipokea. Ninachotaka sasa ni kuelewa kilichotokea ili nisikirudie.

Nimetenga shilingi 130,000. Nahitaji kiatu cha kazini kitakachokubalika mbele ya mkuu wa shule, kinachopitisha hewa, na kinachohimili mchanga na baiskeli. Mwishoni mwa Oktoba nitasafiri kwa treni kwenda Kigoma kwenye harusi ya rafiki yangu, kwa hiyo nisingependa kununua kiatu kingine kwa ajili ya siku moja. Wapo wanaonishauri nivae makubazi, wengine raba, na wengine wanasema nitafute mtumba mzuri. Je, ni kweli kwamba kiatu cha wazi ndicho kinachopoza mguu kuliko vyote?

Mzee wa Isevya

Mwangaluka, mwalimu, na karibu sana Unyamwezini. Nimestaafu baada ya miaka 31 ya kazi za ofisini, mingi kati yake hapa hapa Tabora, na miwili Urambo, kwa hiyo joto unalolisema ninalifahamu. Ujiandae, kwa maana bado halijafika kileleni: Oktoba ndiyo yenyewe, mchana hufika nyuzi 32 na zaidi, na nafuu haiji mpaka mvua za Novemba zianze.

Kuhusu heshima ya kazi, kandambili na yeboyebo usizifikirie kabisa. Makubazi ni vazi la heshima, nami huyavaa pamoja na kanzu siku ya Ijumaa, tena yana faida ya kuvuliwa upesi mlangoni mwa msikiti, lakini mbele ya darasa sikushauri uyavae kabla ya kuzungumza na mkuu wako wa shule. Usisubiri akuite yeye. Raba ni za michezo, hata zikiwa nyeupe na safi. Kinachobaki ni kiatu cha ngozi cha kufunga kwa kamba, chepesi, na kama shule yenu hailazimishi rangi nyeusi, chagua hudhurungi isiyokoza au rangi inayokaribia mchanga. Rangi nyeusi hunyonya joto la jua kuliko rangi nyingine zote, na vumbi letu la kijivu huonekana juu yake hata kabla hujafika getini. Nilipokuwa kijana nilipiga kiwi viatu vyeusi mara mbili kwa siku. Nilipohamia hudhurungi, mara moja kwa wiki ilitosha.

Jambo la pili, ambalo naliona kubwa kuliko la rangi, ni kwamba usinunue jozi moja. Ngozi iliyonyonya jasho la siku nzima haikauki kwa usiku mmoja. Vaa hii leo, kesho vaa nyingine. Jozi inayopumzika ivue kamba, ufungue ulimi wa kiatu, ujaze gazeti ndani na uiweke kivulini. Miembe haikosekani Tabora. Ukiianika juani ngozi hukakamaa na kupasuka.

Fundi wa Kachoma

Shikamoo Mzee wa Isevya. Mwalimu, pole kwa hasara uliyoipata. Nashona na kurekebisha viatu huku Kachoma, mwaka huu ni wa kumi na tisa, na kila Septemba hadi mvua zinaponyesha kazi ninazoletewa ni zile zile: bitana zilizobanduka, soli zilizoachia, na viatu vinavyonuka mpaka mwenyewe anaona haya kunikabidhi. Naomba niseme kwa urefu kidogo, kwa sababu watu wengi huchagua kiatu cha joto kwa kutazama nje, ilhali joto liko ndani.

Nianze na soli iliyomeguka. Kwa jinsi ulivyoieleza, hiyo ni soli ya poliyuretheni, ile laini na nyepesi yenye vitundu vidogo vidogo vya hewa. Ikiwa mpya ni soli nzuri, lakini ina udhaifu mmoja mkubwa: unyevu ulio hewani huivunjavunja taratibu kutoka ndani, na joto huharakisha kuvunjika huko, hata kama kiatu hakijavaliwa kamwe. Kiatu kilichokaa ghalani miaka mingi huonekana kipya, kumbe soli imekwisha kufa. Ndiyo maana mtu hutunza viatu vyake vya harusi kabatini kwa uangalifu, na siku anayovitoa soli inabaki njiani. Kabla ya kulipa, bonyeza soli kwa ukucha wa kidole gumba, pembeni karibu na kisigino. Soli nzima hurudi mahali pake. Iliyokufa huacha shimo, hunata, au hutoa ungaunga. Kisha kikunje kiatu mahali ambapo vidole hukunjia, uangalie kama kuna nyufa nyembamba. Soli ya mpira wa kawaida haifi kwa namna hiyo, ingawa ina uzito zaidi.

Sasa bitana, na hapa nakuomba unisome polepole. Bitana ndiyo inayogusana na mguu wako kuanzia asubuhi hadi jioni. Ikiwa ni ngozi halisi, hunywa jasho mchana na kulitoa usiku kiatu kikiwa kimepumzika, kama alivyosema mzee. Ikiwa ni plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa, jasho halina mahali pa kwenda ila kurudi kwenye soksi. Ile bitana yako iliyojikunja kama ganda la muhogo ni plastiki, kwa sababu ngozi huchakaa, hulainika na hata kutoboka, lakini haibanduki kwa utando. Viatu vingi vinavyouzwa kama ngozi halisi vina ngozi kwa nje tu. Kwa hiyo muuzaji anapokuapia, huenda asiwe mwongo, ila hajakuambia habari ya ndani. Muombe ruhusa udondoshe tone moja la maji juu ya bitana ya kisigino. Kwenye ngozi tone hutulia, hutanuka na kuacha doa jeusi linalofifia baadaye. Kwenye plastiki hubaki limesimama kama shanga mpaka ulipanguse.

Watu pia hudanganyika na matundu. Viatu vyenye matundu ya mapambo asili yake ni Uskoti na Ayalandi, ambako inasimuliwa kwamba matundu yalitobolewa kabisa ili maji ya kinamasi yapate kutoka. Siku hizi mengi ni urembo tu: yametobolewa kwenye ngozi ya nje, na nyuma yake kuna bitana isiyo na hata tundu moja. Washa tochi ya simu, iingize ndani ya kiatu mpaka mbele, kisha tazama kwa nje. Ukiona nyota, hewa inapita. Usipoona kitu, umelipia pambo.

Kuhusu swali lako la kiatu cha wazi, jibu langu ni kwamba hupoza mguu ukiwa umesimama kivulini, lakini safari yako ni ya mchanga na baiskeli. Mchanga wa saa nane unaunguza, unaingia chini ya unyayo, unachanganyika na jasho na kukwaruza ngozi kama msasa, na kisigino kinachopigwa na jua na vumbi kila siku huota magaga. Moka na viatu vingine vya kutumbukiza vinapendeza, na kwa anayetembelea gari sina neno, lakini kwenye baiskeli kisigino huchomoka kila unapokanyaga pedali, na mdomo wake mpana hukaribisha mchanga. Wewe unahitaji kiatu cha kamba.

Kiatu cha joto ninachokiamini kuliko vyote ni kile ambacho sehemu ya mbele haina bitana kabisa. Ngozi ya juu ni moja tu, laini, ya unene wa wastani, upande wake wa ndani umekwanguliwa vizuri ukawa mororo, na bitana imewekwa kisigino tu, ambako msuguano ni mkubwa. Hiyo mimi huikata kwenye ngozi ya kondoo. Soli ya ndani nayo iwe ya ngozi, isiwe ubao wa karatasi uliofunikwa plastiki. Soli ya nje ni mpira mwembamba, na iwe imeshonwa kuzunguka kiatu chote. Gundi pekee kwenye joto letu haitoshi, kwa sababu ukikiacha kiatu juani au mbele ya kioo cha gari, solusheni hulainika na soli huanza kuachia kwenye ncha. Angalia ule uzi vizuri, kwa maana zipo soli zilizochorwa mishono kwenye kalibu kiwandani wakati hakuna uzi wowote. Ingiza ncha ya ukucha: uzi wa kweli utausikia.

Mimi hukishona kiatu cha namna hiyo kwa shilingi 85,000, na siandiki haya ili kutafuta mteja. Hata viwanda vyetu, kama kile cha Karanga kule Moshi, vinashona viatu vya ngozi vizuri, na popote utakapoviona fanya majaribio hayo hayo. Kwa jozi ya pili, viatu vyako vyeusi vya Njombe unaweza kuniletea niondoe bitana ile ya plastiki na kuweka ya kondoo kwa shilingi 20,000.

Kabla ya yote hayo, upime mguu. Upime jioni, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na joto huuvimbisha zaidi. Kiatu kilichokutosha saa tatu asubuhi kitakubana saa tisa. Simama juu ya karatasi, uzito wote ukiwa chini, mtu akuchoree mguu huku kalamu imesimama wima, kisha pima sentimita kutoka kisigino hadi kidole kirefu kuliko vyote. Miguu yote miwili, na ufuate ule mkubwa. Namba zetu za 40, 41, 42 si za kubahatisha: kila namba moja ni theluthi mbili za sentimita ya urefu wa kalibu, yaani lile umbo la mguu ambalo kiatu hushonwa juu yake, kwa hiyo kalibu ya namba 42 ina sentimita 28. Mguu wenyewe unahitaji nafasi ya sentimita moja na nusu hivi mbele. Wewe ni mwalimu wa hisabati, hesabu iliyobaki nakuachia.

Mtabibu wa Mwanga

Mwalimu, habari za Tabora. Nawaandikia kutoka Kigoma, na mimi ni afisa tabibu. Wenzangu wamezungumzia kiatu kwa ustadi, lakini kuna sentensi moja uliyoipita haraka, nami nakuomba turudi kwayo: ngozi nyeupe, inayowasha na kuchanika kati ya kidole cha nne na cha mwisho. Hizo ni dalili za fangasi za miguu, na mahali hapo ndipo zinapopenda kuanzia kwa sababu vidole hivyo vimebanana kuliko vingine. Ukinunua kiatu kipya bila kuzitibu utazihamishia humo.

Osha miguu kila jioni, kisha kausha katikati ya vidole kwa kitambaa kikavu, kidole kwa kidole. Watu wengi hufuta unyayo na kuacha sehemu hiyo ikiwa na maji. Paka krimu ya klotrimazoli mara mbili hadi tatu kwa siku, na usiache siku muwasho unapokoma. Endelea kwa wiki mbili baada ya ngozi kurudi katika hali yake, kwa maana kuacha mapema ndiko kunakofanya ugonjwa urudi kila mwaka. Ukiona uvimbe, usaha au maumivu yanayopanda mguuni, nenda kituo cha afya. Na kama wewe au msomaji mwingine yeyote ana kisukari, asijitibu mwenyewe, asivae kiatu cha wazi kwenye mchanga, na kila asubuhi aingize mkono ndani ya kiatu kabla ya mguu, kwa kuwa anaweza kutembea siku nzima na kokoto asiyoihisi.

Soksi usiziache kwa sababu ya joto. Kiatu cha kufunika bila soksi hulowa chenyewe. Chagua za pamba, nyembamba, zisizobana, na ubebe jozi ya pili kwenye mkoba uibadilishe saa sita. Nailoni iache.

Kuhusu viatu vya wazi naongeza sababu moja ambayo fundi hakuitaja, nayo ni funza. Anastawi kwenye mchanga mkavu na vumbi, hasa karibu na mahali wanapolala mifugo, na kiangazi ndicho msimu wake. Tunamzoea kana kwamba ni wa kwetu tangu enzi, lakini aliletwa na meli kutoka Brazili hadi Angola mwaka 1872, kisha akasafiri na misafara ya wachukuzi kulivuka bara zima hadi pwani ya mashariki kabla karne hiyo haijaisha. Na hata bila funza mguu huweza kumwangusha mtu: mwaka 1870, miaka miwili kabla ya hapo, Livingstone alikuwa amekwama Bambarre, magharibi ya Ziwa Tanganyika, kwa zaidi ya miezi miwili kwa sababu ya vidonda vya miguu, na alipofika Ujiji mwaka uliofuata alikuwa amedhoofika kabisa. Huwa naikumbuka habari hiyo kila ninapomwona mtu aliyedharau mchubuko mdogo kisiginoni.

Jambo la mwisho linahusu safari yako. Kigoma iko chini kuliko Tabora, na iko kando ya ziwa. Unyevu wa hewa ni mwingi zaidi, kwa hiyo kiatu kinachokauka kwa siku moja huko, huku kitahitaji zaidi. Mwishoni mwa Oktoba mvua huenda zikawa zimekwisha kuanza. Usije na jozi moja.

Muuza viatu wa Gungu

Shikamooni wakubwa wote. Mimi nauza viatu vya mtumba hapa Kigoma, na naomba nitetee aina moja ambayo haijatajwa, nayo inafaa kabisa kwa mchanga wa Tabora: buti fupi la swedi, ile ngozi yenye vinyweleo vifupi laini kama mahameli, linalofika kwenye kifundo cha mguu na kufungwa kwa matundu mawili au matatu tu ya kamba. Wazungu huliita la jangwani, na historia yake ni ya joto kweli. Nathan Clark, wa familia ya washona viatu wa Uingereza, alipelekwa Burma na jeshi mwaka 1941, akawaona maofisa wenzake wamevaa buti za namna hiyo walizoshonewa sokoni Cairo. Aliporudi aliitengeneza, na kufikia mwaka 1950 ikawa inauzwa. Umbo lake ni lile lile analolisifu fundi: vipande vichache vya ngozi, ndani hakuna bitana. Juu panafunika kifundo, kwa hiyo mchanga hauingii. Nikipata zilizo nzima huziuza kwa shilingi 35,000.

Anayenunua mtumba azingatie namba pia. Kiatu kikiandikwa 8 kwa kipimo cha Uingereza ni 42 yetu, lakini kiatu hicho hicho kwa kipimo cha Marekani huandikwa 9. Wateja wengi huondoka na kiatu kinachobana kwa sababu ya tofauti hiyo. Tazama pia alama ya mguu wa mwenye kiatu wa kwanza kwenye soli ya ndani. Kama pamebonyea upande mmoja sana, mguu wako utalazimika kumfuata yeye.

Fundi wa Kachoma

Mdogo wangu wa Gungu, marahaba, na umesema vizuri. Ninakubaliana nawe kuhusu umbo, ila kuhusu soli nina shaka. Buti hizo kwa asili huwekwa soli ya krepu, ule mpira wa manjano unaonatanata, na kwenye vumbi letu hukusanya kila kitu ukawa mweusi ndani ya mwezi mmoja, na joto likizidi hulainika. Akipata yenye soli ya mpira wa kawaida achukue. Tena swedi asiipige kiwi hata siku moja. Brashi kavu inatosha. Ikinyeshewa ijazwe gazeti na kuachwa ikauke yenyewe, ndipo ipigwe brashi kuurudisha unyweleo.

Mwalimu wa Ipuli

Mzee wangu wa Isevya, shikamoo, nawe fundi, daktari na ndugu yangu wa Gungu, nawashukuru nyote kwa moyo. Nimefanya mlivyoniagiza kwa siku nne.

Nilidondosha tone la maji kwenye bitana ya viatu vyangu vyeusi. Lilisimama kama shanga, kama fundi alivyosema, na nilipokiinamisha kiatu likabingirika hadi mbele. Nilifanya vivyo hivyo kwenye ile hudhurungi iliyomeguka soli, nayo jibu lake likawa lile lile. Klotrimazoli nimeanza kupaka, na soksi za pili ninabadilisha wakati wa mapumziko ya saa nne na nusu badala ya saa sita, kwa kuwa ndio muda nilio nao. Tofauti nimeiona tangu siku ya kwanza. Mkuu wa shule amesema rangi ya hudhurungi haina tatizo.

Kilichonishangaza ni vipimo. Nilimwomba mwalimu mwenzangu anichoree miguu asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, na tena saa kumi jioni. Asubuhi mguu wa kulia ulikuwa na sentimita 26.7. Jioni ulikuwa 27.0 kamili, na wa kushoto 26.8. Nikichukua 27.0 na kuongeza 1.5 napata 28.5, na nikigawanya kwa theluthi mbili napata 42.75, maana yake ni namba 43. Maisha yangu yote tangu chuo nimevaa 42, na viatu vyangu vyote viwili vya Njombe ni 42. Nilidhani kubanwa kwa vidole ni tabia ya kiatu cha ngozi.

Kwa hiyo fundi, mpango wangu ni huu: unishonee jozi ya hudhurungi namba 43 isiyo na bitana mbele, kwa shilingi 85,000, ndiyo nitakayoivaa pia harusini, na ile nyeusi nikuletee uibadilishe bitana kwa 20,000 ili nipate jozi ya kupokezana. Zitabaki 25,000 za soksi na dawa. Je, ukiiweka kwenye kalibu unaweza kuifikisha 43?

Fundi wa Kachoma

Mwalimu, hapana, na usiniletee hiyo 20,000. Kalibu inaongeza upana wa kiatu, haiongezi urefu. Nikiilazimisha ngozi kwenda mbele, ncha ya soli itaachia mshono ndani ya wiki chache, na vidole vyako vitabaki vimebanana, na hapo ndipo daktari wetu alipokuambia fangasi zinapoanzia. Viatu hivyo mpe mtu wa namba 42, nami nitamwekea bitana.

Fedha hiyo iongezee kidogo, na ukifika Kigoma umtafute kijana wa Gungu akuwekee buti la swedi namba 43, yaani 9 ya Uingereza au 10 ya Marekani, lenye soli ya mpira. Hesabu yake ni 85,000 na 35,000, jumla 120,000, na 10,000 inatosha soksi na krimu. Mpaka wakati huo ile ya hudhurungi utaivaa siku mbili mfululizo ikibidi, lakini Jumamosi na Jumapili iache kivulini ipumzike.

Njoo Jumamosi saa kumi jioni, siyo asubuhi. Tembea kwa miguu kutoka Ipuli, acha baiskeli nyumbani, na uje na zile soksi nyembamba utakazokuwa unavaa kazini. Nitauchora mguu wako mwenyewe, kisha nitapima unene wake kwa utepe juu ya vidole na juu ya mgongo wa mguu, kwa sababu karatasi haioneshi vipimo hivyo viwili.